Nililamba Chumvi ya Osea

Sehemu ya Sita

Wiki iliyopita mliniacha nimebebwa mabegani pale mpakani Tunduma, watu wakiimba shairi langu. Leo nitawaeleza nilivyoshuka.

Kwa aliyechelewa kuingia katika hadithi hii: mimi ni Yonasi, Mnamwanga, mzaliwa wa upande wa pili, Rodeshia ya Kaskazini. Nilifukuzwa kwenye mgodi wa shaba kwa kulipinga Shirikisho, ile serikali ya walowezi tuliyobebeshwa bila kuulizwa. Mwaka huo wa 1959 chama chetu kilipigwa marufuku na viongozi wakafungwa. Sisi tuliobahatika tulivuka tukaingia Tanganyika. Tunduma nilipokewa na mjomba wangu, Mzee Barnaba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu sisi wakimbizi.

Majina ya watu nimeyabadili yote isipokuwa langu. Nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Mnakumbuka tulisimama kwenye kizuizi cha mpakani watu mia mbili, tumeshika mabango, maofisa wa Shirikisho wakitutazama kutoka upande wao. Mnakumbuka shairi langu lilivyoimbwa, beti kumi na nne, mpaka askari mmoja wa ng'ambo akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mizani, akakanyagwa mguu na mkubwa wake.

Shairi lile Mjomba Barnaba alikuwa amelipitisha mwenyewe, kwa sharti moja.

"Humu hakuna jina la mtu," alisema. "Jina likishaingia kwenye karatasi, halitoki tena."

"Ndiyo, mjomba," nikaitika.

Niliitika mbele ya watu. Nilichofanya baadaye, nilikifanya peke yangu.

Ushairi sikufundishwa na mtu. Niliusoma kwenye magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari dukani, kipande kwa kipande, nikihesabu mizani kwa vidole. Humo niliona kila mtunzi anayejiheshimu hufunga shairi kwa kutaja jina lake, mahali anapokaa, na rafiki anayemsalimu. Shairi lisilofungwa hivyo nililiona kama mtoto asiye na ukoo.

Basi nilipoinakili kazi yangu ili niipeleke kwenye gazeti la Dar es Salaam, niliongeza ubeti wa kumi na tano.

Rafiki wa kumsalimu nilikuwa naye. Aliitwa Osea.

Osea alikuwa mchuuzi wa chumvi. Aliifuata Ivuna inakochemshwa, akaifunga kwenye baiskeli, akaivusha kwa njia za miguu mpaka kwa jamaa zetu wa ng'ambo. Ndani ya chumvi zilikuwamo barua za chama. Mwaka mzima hakuna aliyemsifu, kwa sababu kumsifu kulikuwa ni kumtaja.

"Osea," nilimwambia siku moja, "nitakutia katika shairi."

"Nitie kwenye ugali kwanza, nina njaa," akasema. "Shairi lako litanivunjia baiskeli."

Nikacheka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Jumanne, wiki tatu baada ya maandamano, mke wake Nesta alifika kwa mjomba bila kitambaa kichwani. Mwanamke yule hakuwahi kuonekana nje kichwa wazi.

"Wamemchukua," akasema. "Kwenye kijito. Polisi wa ng'ambo walikuwa wamejificha, wanamngoja."

"Walimpekua?" Mjomba akauliza.

"Hawakumgusa hata mfuko, baba. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumvi. Magunia matatu wameyamwaga chini."

Mjomba akanitazama. Mimi nikamtazama Nesta. Sote tulielewa jambo moja: kuna aliyesema.

"Walikuta nini?" nikauliza.

"Hawakukuta kitu. Ila wameondoka naye."

Ni kweli, siku ile Osea hakubeba barua. Zilikuwa kwangu. Nilipaswa kuzinakili tangu Jumamosi, nikawa napiga soga dukani, nikazichelewesha. Uvivu wangu ndio uliomsaidia. Maarifa yangu ndiyo yaliyomponza.

Ila Jumanne hiyo nilikuwa sijalijua hilo. Niliapa kimoyomoyo kwamba nitamtafuta msaliti mpaka nimpate.

Nikampata Ijumaa.

Gazeti la Dar es Salaam hufika Tunduma kwa lori la Mbeya, limechelewa wiki mbili. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua kwenye baraza ya duka la Mhindi, kwa hiyo bahasha ya magazeti ikifunguliwa nilikuwa wa kwanza kuipapasa. Nikafungua ukurasa wa mashairi.

Lilikuwapo. Beti zote kumi na tano. Jina langu kwa herufi nene.

Nilisoma ubeti wa kwanza kwa sauti, mwenye duka akapiga makofi. Nikaenda moja kwa moja kwenye ule wa mwisho, niuone ulivyokaa.

*Tamati nimefikia, jina langu ni Yonasi,*
*Osea nakusifia, uvukaye bila pasi,*
*Chumvini watutilia, barua zetu halisi,*
*Tunduma nimetulia, siogopi mapolisi.*

Mnaona wenyewe. Hakuna mpelelezi ambaye angeandika ripoti fupi kuliko ile. Jina la mtu, kosa la mtu, na mahali pa kutafuta. Tena kwa vina.

"Mbona umeacha kusoma?" Mwenye duka akauliza.

"Koo," nikasema. "Una nakala ngapi?"

"Nne."

"Nipe zote."

"Zote? Wazazi wako wengi?"

Nilizichukua zote. Tatu nilizitia chini ya chungu cha maharage nyumbani kwa mjomba, nikakaa hapo mpaka zikawa majivu. Ya nne nilishindwa. Mara mbili niliisogeza kwenye moto, mara mbili nikaitoa. Jina langu lilikuwa halijawahi kuchapwa. Niliificha chini ya godoro, na nisiwadanganye, Jumamosi niliitoa nikalisoma tena.

Jumapili, baada ya ibada, mjomba aliita watu kumi na mmoja uani kwake. Wote waliokuwa wanajua habari ya barua.

Kati yao kumi tulikuwa wakimbizi. Wa kumi na mmoja alikuwa Lwitiko, karani wa ofisi ya mpakani, Mndali wa Ileje, Mkristo wa kanisa la Moravian, mtu wa maneno machache. Mkimbizi hakuwa. Alikuwa tu mtu mwema: Osea alipopita mbele ya ofisi na baiskeli yake kuelekea njia za miguu, Lwitiko alikuwa na desturi ya kuinamia daftari.

Katikati ya ua palikuwa na ungo, na juu yake Biblia na bakuli la chumvi.

"Chumvi hii ametuletea Nesta," mjomba akasema. "Ndiyo iliyobaki nyumbani kwa Osea. Wote mliingia katika kazi hii kwa kulamba chumvi. Leo tutalamba tena, kila mtu aape. Yonasi, mpwa wangu, wewe ni mtu wa maneno. Tutungie kiapo."

Watu wakanigeukia.

Nilifikiri kidogo. Niliyachagua maneno kama mtu anayejitobolea tundu la kutokea.

"Tuseme hivi," nikasema. "Sikumtaja Osea kwa mtu wa serikali."

"Ni kizuri," mjomba akasema. "Kifupi."

Kilikuwa kizuri kwa sababu mimi nilimtaja kwa gazeti.

Mama Anastazia, muuza togwa, ndiye aliyeanza. Alilamba, akaapa, akasema, "Na kama nasema uongo, togwa yangu yote igeuke siki. Ingawa mnaonidai chenji mnasema imeshageuka." Watu wakacheka kidogo. Kisha mwingine, na mwingine.

Zamu yangu ilipofika, nililamba chumvi ya Osea nikasema kiapo changu bila kujikwaa. Nesta alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinitikisia kichwa, kama anayenishukuru.

Akabaki Lwitiko.

"Mimi siapi," akasema.



"Kwa nini, mwanangu?" Mjomba akauliza.

"Imeandikwa, ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Mimi nasema sikumtaja. Basi sikumtaja."

"Hata Shetani anaijua Biblia," Mama Anastazia akasema, "tena kwa sura na mstari."

"Chumvi hii si ya waganga, Lwitiko," mjomba akasema kwa upole. "Ni ya Osea tu."

"Najua ni ya Osea, mzee. Nimeipima mara nyingi pale ofisini."

"Umeipima? Kwa hiyo ulijua kilichokuwamo ndani?"

"Nilijua."

"Kati yetu sote hapa, nani mwingine aliye katika ofisi ya serikali?"

Lwitiko akageuza macho akanitazama mimi. Muda mrefu. Nilidhani anaomba msaada, kwa kuwa tulizoea kuazimana vitabu.

Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa haijafunguka.

"Inatosha," mjomba akasema. "Mwenye kuogopa chumvi anajijua."

Hawakumpiga. Afadhali wangempiga, maumivu yana mwisho. Walimnyima maneno. Akipita sokoni, wauza unga walifunika vibaba. Akipeleka mahindi kusaga, mwenye mashine alimwambia mkanda umekatika, huku mashine inanguruma nyuma yake. Kanisani, benchi alilokaa lilibaki lake peke yake.

Ningekuwa nimenyamaza tu, labda leo ningelala. Lakini Jumatatu mjomba alinijia.

"Mpwa wangu, kina mama wanataka wimbo. Watu wasisahau."

"Wimbo wa nani?"

"Wa karani."

Niliutunga kabla chai haijapoa. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

*Karani wa kizuizi, ameuza ndugu yetu,*
*Akala na wapekuzi, chumvi yetu, jasho letu.*

Jumatano ulikuwa kisimani. Ijumaa ulikuwa shuleni. Nesta aliuimba akitwanga, na kila alipofika kwenye "ndugu yetu" alisimamisha mchi.

Siku kumi zilipita hivyo.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Lwitiko alikuja barazani kwangu. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waliinuka wakaondoka. Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amekonda, mashada ya ndevu kidevuni.

"Niandikie barua," akasema.

"Wewe unajua kuandika kuliko mimi."

"Hii siijui. Andika: Kwa Mzee Barnaba. Aliyemtaja Osea ni."

Nikaandika. Nikangoja.

"Ni nani?"

"Hapo weka jina," akasema. "Wewe ni hodari wa kuweka majina mwishoni."

Akatoa mfukoni gazeti lililokunjwa mara nne, akaliweka mezani. Ofisi ya mpakani nayo hupelekewa nakala moja. Hilo nilikuwa nimelisahau.

"Umelipata lini?"

"Ijumaa ileile uliyonunua yale mengine. Jumapili lilikuwa mfukoni mwangu."

"Ulikuwa nalo uani? Ungelitoa ungejisafisha papo hapo."

"Ningejisafisha, na wewe wangekuvunja miguu. Halafu nani angekwenda mahakamani?"

"Mahakama gani?"

Akasogea. "Sikiliza, Yonasi. Karani mwenzangu wa upande wa pili ameliona jalada la Osea. Ndani mna karatasi moja tu. Shairi lako, limekatwa vizuri kwa mkasi. Chumvi waliipepeta kama mchele, hawakuona kitu. Kesi ni Jumatatu. Mtunzi akisimama mbele ya hakimu akasema ubeti ule aliubuni ili vina vikae, hawana la kumfungia Osea. Mtunzi asipotokea, ni miaka mitatu."

"Na mtunzi akitokea?"

"Mtunzi watamweka ndani. Jina lake wanalo. Ameliandika mwenyewe, na kwamba hawaogopi pia ameandika."

Nilitaka kukasirika. Hasira ni kitu nilichokijua vizuri, ilinitoa mgodini, ilinisimamisha mpakani. Niliitafuta, haikuja.

"Wimbo wako umenifikia," akasema. "Mizani imekaa vizuri."

"Lwitiko."

"Usiniombe radhi mimi. Mimi natafuta unga tu." Akaichukua ile karatasi yenye mstari usiokwisha, akaikunja pamoja na gazeti. "Nitakungoja mpaka Jumamosi. Jumamosi jina nitalijaza mwenyewe."

Wakati huohuo Mjomba Barnaba na Nesta walikuwa wanapanda ngazi za baraza. Lwitiko akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Mjomba alipita kana kwamba pale pana nguzo. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona mtu mzima akiikataa shikamoo. Lwitiko alisubiri kidogo, kama desturi inavyotaka, kisha akavaa kofia yake akashuka.

"Mtu yule alitaka nini kwako?" Nesta akauliza.

"Barua."

"Hana aibu. Nifute kigoda kwanza." Akakifuta kwa ncha ya kitenge, akakaa. "Shemeji, nimepata mtu wa kunipelekea barua gerezani. Mchungaji wa ng'ambo amekubali. Niandikie kwa Osea."

Mjomba akaketi kwenye gunia la mahindi. "Mpwa wangu, andika kwa herufi kubwa. Osea hasomi haraka."

Nikachukua karatasi safi.

"Mwambie sisi ni wazima," Nesta akaanza. "Mwambie baiskeli wameirudisha, imevunjika uma. Mwambie asiuchoshe moyo wake kuwaza ni nani aliyemtaja. Tumemjua. Ni yule karani."

Kalamu yangu ikasimama.

"Umeandika?"

"Naandika."

"Mwambie shemeji Yonasi amemtungia mtu yule wimbo, hata watoto wanaujua. Mwambie, mume wangu, ulisema Yonasi ni mtoto, anapenda makofi. Sasa ona, ndiye aliyesimama nami kuliko wote. Andika hivyohivyo."

Mjomba akaguna kwa kuridhika.

Wasomaji wangu, mimi nimesimama mbele ya bunduki za askari wa mgodini, kifua wazi, mashairi mdomoni. Mlilisoma hilo katika sehemu ya pili, na wengine wenu mliniletea barua za kunisifu. Pale kwenye baraza ya Mhindi, mbele ya mwanamke asiyejua kusoma, nilishindwa kufungua mdomo.

Ningeweza kuandika alivyosema. Barua ingekwenda, Osea angeipata, Jumatatu angefungwa akiwa ananishukuru. Niliiona siku hiyo ikija, nikaona atakavyotabasamu.

Nikaandika, lakini si alivyosema. Mistari minne, jina langu katika wa pili. Herufi kubwa, kama mjomba alivyotaka.

"Mbona umeandika kifupi?" Nesta akauliza. "Mimi nimesema mengi."

"Yameenea."

"Nisomee basi nisikie."

Niliinua karatasi. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka, ilitoka hewa tu.

"Shemeji?"

Mjomba alikuwa ameshatoa miwani yake kwenye mfuko wa koti. Akainyoosha mikono yake ya waya, mmoja umefungwa uzi, akaivaa.

"Lete," akasema, "nimsomee mimi. Wewe koo limekukauka tangu juzi."

Ningeweza kuirarua. Ningeweza kuitumbukiza katika wino. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, hakuna aliyenishika.

Nikampa.

Mjomba aliisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena. Akasafisha koo kama afanyavyo kanisani anaposoma somo.

"Kwa mume wangu Osea," akasoma.

Nesta akatabasamu, akaweka mikono magotini.

Mjomba akahamia mstari wa pili. Midomo yake ilisogea bila sauti. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa upya, akarudi kwenye mstari uleule.

"Mbona umenyamaza, baba?" Nesta akauliza.